Waliokatwa Katika Picha

Masomo: 1 Samweli 16:1–13; Yohana 20:24–29



Wengi wenu mlikuwapo ukumbini siku ya Watakatifu Wote, baada ya Misa, tulipoonyesha picha za zamani za mtaa wetu kwa televisheni kubwa. Wengine mlizuiwa na mvua. Wengine, nasi twawajua, mlisema mambo ya televisheni ni ya vijana, mkaenda zenu kula. Wazee wa kanisa wametuomba tuyaandike hapa yale tuliyoyasema siku ile ili yawafikie wote. Tutafanya hivyo, lakini tutaongeza na yale ambayo hatukuyasema, kwa kuwa siku ile tulikuwa bado hatujayaelewa.

Televisheni yenyewe ni zawadi ya ndugu mmoja wa mtaa huu afanyaye kazi mjini. Ni ya inchi 55. Tulipoipokea tulidhani ni kama zile tulizozijua zamani, zenye kisogo kirefu, ila hii imepunguzwa unene. Sivyo. Zile za zamani zilichora picha kwa mistari 625, na katika hiyo iliyoonekana kwa macho ilikuwa 576 tu. Hii ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo. Ukizidisha utapata nukta 8,294,400, ambazo mafundi huziita pikseli, na kila moja huwaka kwa rangi yake. Ukiweka humo picha iliyonakiliwa vizuri utaona mshono wa kanzu na ufa wa ukuta.

Kuonyesha picha kwa mwanga mbele ya mkutano si jambo geni katika habari za Injili barani mwetu. Mwezi wa Januari mwaka 1854 Daktari Livingstone alifika kwa mtemi Shinte, upande wa juu wa mto Zambezi, akiwa na taa yake ya picha. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu ameinua kisu juu ya mwanawe Isaka. Livingstone alipoisogeza ile picha ya kioo, wanawake wakaona kisu kinawajia wao, wakakimbia wakilia mama, mama. Shinte alikaa mpaka mwisho, kisha akaikagua taa yenyewe kwa makini. Hatuwacheki wanawake wale. Sisi siku yetu hakuna aliyekimbia, lakini mmoja aliinuka aondoke, na sababu yake ilikuwa nzito kuliko yao.

Ilikuwa picha ya siku ya Kipaimara, mwanzoni mwa miaka ya sabini, iliyopigwa pale mbele ya mlango wa magharibi wa kanisa letu. Ni nyeusi na nyeupe, ya mraba, kila upande inchi tatu na nusu, kama picha nyingi za siku zile. Ina watu karibu sitini. Katikati amekaa Askofu na fimbo yake, na makasisi, na wazee wa kanisa wa wakati ule juu ya viti vilivyoazimwa shuleni. Nyuma yao wamesimama vijana juu ya mabenchi. Mbele, juu ya mchanga, wamekaa watoto waliowekewa mikono siku hiyo, wasichana wamejifunga vitambaa vyeupe. Katika albamu kila uso si mkubwa kuliko punje ya mtama. Kijana wetu aliyeshika kazi hii aliinakili kwa nukta 600 kwa kila inchi, hata picha ikapata nukta 2,100 kila upande, yaani karibu sawasawa na kimo cha televisheni. Akaikagua kwanza katika kompyuta ya ofisi ya mtaa, maana mbele ya kompyuta mtu hukaa kwa urefu wa mkono wake na kila kosa huonekana. Tunasema haya ili mjue kwamba kijana alifanya kazi yake vizuri. Kosa lililofuata halikuwa lake.

Televisheni ni pana kama mkeka: kwa kila sehemu 16 za upana kuna 9 za kimo. Picha yetu ni mraba. Basi ilipowekwa nzima, ilikaa katikati ya kioo, na huku na huku pakabaki mapande mawili meusi, matupu. Ukiyajumlisha yanachukua sehemu 7 katika zile 16. Sisi tulikuwa tumesimama kando na kitabu cha sala mkononi. Tukasema, “Mbona kioo kimebaki kitupu? Jazeni.” Kijana akatutazama kidogo. Kisha, kwa kuwa amelelewa vizuri na hapendi kubishana na padre mbele ya watu, akabonyeza rimoti. Picha ikapanuka, ikajaa kioo chote. Watu wakapiga makofi. Askofu alikuwa mkubwa, msalaba kifuani pake ukionekana wazi, na wazee wa kanisa kwenye viti vyao kama waliokaa nasi ukumbini. Nasi tukasema, “Hapo sawasawa. Iacheni hivyo hivyo.”

Mama mmoja wa mtaa huu, ambaye vijana humwita Bibi, akainuka katika benchi la nyuma akachukua mwavuli wake. Mjukuu wake akamwuliza, “Bibi, waenda wapi?” Akajibu, wala hakusema kwa siri, “Naenda nyumbani. Nilikuja kumwona kaka yangu. Yeye alisimama nyuma kabisa, na mimi nilikaa pale chini mbele. Kaka hayupo na mimi sipo.”

Tulitazama tena, na kweli hawakuwapo. Picha ya mraba ikitaka kujaza kioo kipana, haina budi kukuzwa mpaka kimo chake kimezidi kioo, na kilichozidi hutupwa. Kwa kila sehemu 16 za kimo chake, 7 zimekatwa: tatu na nusu juu, tatu na nusu chini. Waliosimama juu ya mabenchi walikuwa wamekatwa vichwa. Watoto waliokaa mchangani hawakuonekana hata kitambaa kimoja. Waliobaki wote, ndugu zangu, walikuwa wale waliokaa kwenye viti.

Tungependa kusema kwamba hatukujua. Lakini ukweli ni kwamba tuliiona ile picha nzima kwanza, dakika moja kabla, tukaona na wale watoto. Ila macho yetu yalikuwa yakitazama yale mapande meusi, tukahesabu hasara ya kioo, hatukuhesabu watu.

Mnaijua habari ya Samweli katika nyumba ya Yese. Nabii ametumwa Bethlehemu kumpaka mafuta mfalme. Yese anawapitisha wanawe mmoja mmoja, saba kwa hesabu, na wa kwanza ni mrefu, mwenye sura ya kupendeza, hata nabii mwenyewe akadhani kazi imekwisha. Mungu akamkataza asipime kwa kimo wala kwa sura. Sisi tuhubiripo somo hili kwa kawaida tunasimama hapo, tukawaambia watu wasitazame mavazi. Lakini tazameni kilichotokea baadaye. Wale saba wamekwisha pita na hakuna aliyechaguliwa. Ndipo nabii anauliza kama watoto ndio hao tu. Na baba mzazi, mwenye nyumba, ndipo anakumbuka kwamba yupo mwingine, mdogo, yuko malishoni na kondoo.

Yese hakumchukia Daudi, wala maandiko hayasemi hivyo. Alipanga nyumba yake ili mgeni aone jambo lililokamilika, na watu saba walitosha kulijaza. Na jibu la Samweli ni kwamba hawataketi chakulani mpaka yule aliye nje ameletwa. Nabii mzee, mwenye njaa ya safari, akakubali meza ikae tupu ikimngoja mchungaji mmoja.

Basi tukamwambia kijana arudishe picha nzima. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye hatutamtaja na ambaye ni rafiki yetu, akanong'ona, “Televisheni kubwa yote hii tutumie nusu?” Si nusu, ni sehemu 9 katika 16, lakini tulimwelewa. Haya mapande meusi yanamwudhi mtu. Yanaonekana kama uzembe, kama mtu aliyeanza kazi asiimalize. Lakini kioo kilinunuliwa kwa ajili ya watu kuonekana. Na afadhali pande jeusi kuliko mtoto mmoja amekatwa, hasa kama mtoto mwenyewe yuko ukumbini ameshika mwavuli.

Sasa tuwaeleze jambo la pili, ambalo twaona ndilo wengi hawalijui, hata wale wenye televisheni kama hizi nyumbani. Bibi alipoona picha imerudi, hakurudi kukaa. Alikwenda mbele mpaka alipofika karibu na kioo, kiasi cha mtu kunyoosha mkono. Watu wa nyuma wakaguna kwamba anawaziba. Nasi tulitaka kumwambia arudi. Baadaye kijana alitueleza kwamba Bibi peke yake ndiye aliyekuwa akiitazama televisheni ile kama ilivyotengenezwa. Jicho zima la mtu, likiwa mbali mita tatu, haliwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko kiasi cha milimita moja. Nukta za kioo chetu kila moja ni theluthi ya milimita. Basi aliyekaa benchi la tatu hupata picha ile ile ambayo angepata katika televisheni ya bei rahisi yenye robo ya nukta hizo. Uzuri wote ulionunuliwa unabaki mle mle kiooni, haumfikii, mpaka asogee afike karibu mita moja.

Jambo hili lilitufikirisha sana. Twafikiri kwamba tukipata chombo kizuri zaidi tutaonana vizuri zaidi. Chombo kizuri ni kizuri, hatusemi vinginevyo. Katika albamu uso wa kaka yake ulikuwa punje ya mtama, na kiooni ukawa kama sarafu. Lakini chombo hakikumpunguzia Bibi hatua hata moja ya kutembea. Aliyekaa mbali hakumwona kaka yake, ingawa nukta zilikuwa pale milioni nane. Ni vivyo hivyo na majirani zetu. Wako wagonjwa wa mtaa huu ambao tumewaona katika simu wiki kwa wiki, wazi kabisa, na hatujui chumba wanacholala kina dirisha au hakina.

Bibi akaweka kidole. Hakugusa kioo, alikishika kidole karibu nacho. Mstari wa nyuma, wa nne kutoka kushoto. Kijana mwembamba, shati limefungwa mpaka shingoni, na jicho moja limefumba nusu, kwani aliugua macho utotoni na hakupona vema. Alifariki miaka michache baada ya siku ile. Nyumbani kwao hakuna picha yake nyingine. Bibi akasema neno moja tu, “Ndiye,” akasimama pale muda mrefu, na wale waliokuwa wakiguna wakanyamaza.

Tungeweza kuishia hapo, na siku ile tuliishia hapo, tukaimba, tukanywa chai. Lakini lipo lililofuata.

Mjukuu wa Bibi, kwa mapenzi tu, alimwomba kijana wetu nakala ya ule uso peke yake. Akautia katika programu ya kompyuta, moja ya hizi za siku hizi zinazosafisha picha za zamani, nayo ikamrudishia uso mkubwa, laini, macho yanameta, kila unywele umesimama mahali pake. Akauweka katika televisheni ya nyumbani amfurahishe bibi yake. Bibi akautazama. Akasema, “Kijana huyu ni mzuri. Ni wa nani?”

Mjukuu alikuja kwetu amehuzunika, akidhani bibi amesahau. Hakusahau. Ile programu ilikuwa imelifumbua jicho.

Tulimwuliza kijana wetu jambo hili linatendekaje, naye akatueleza hivi. Uso ulio na upana wa milimita nne, ukinakiliwa kwa nukta 600 kwa inchi, hupata nukta zisizofika mia moja kwa upana. Hizo ndizo tulizo nazo. Kioo kikubwa hakiongezi hata moja. Chaweza tu kuzitandaza. Ile programu imefundishwa kwa nyuso nyingi sana za watu wengine, nayo ikikuta mahali penye nukta chache hubahatisha kilichozoeleka kuwapo mahali kama pale. Macho yaliyozoeleka ni mawili, yamefumbuka. Basi ikaweka mawili. Kilichoongezwa katika uso wa marehemu hakikutoka kwa marehemu, kilitoka kwa watu ambao mama yake hakuwazaa.

Hapa ndipo tunapokumbuka somo letu la pili. Bwana amefufuka. Mauti imeshindwa, kaburi liko tupu. Kama palikuwa na siku ambayo mwili ungeweza kuonyeshwa bila kovu, ni siku ile. Tomaso hakuwapo mara ya kwanza, akasema hataamini mpaka ameona alama za misumari na kutia mkono ubavuni. Baada ya siku nane Bwana akaja tena, na hakumkemea kwa kudai alama. Alimwonyesha. Zilikuwapo. Mwili wa utukufu ulikuwa na majeraha yake mikononi na ubavuni, na kwa hayo mwanafunzi akamjua kwamba ndiye, wala si mwingine aliyefanana naye. Sisi tungemsafisha. Tungeona haya kumleta mbele ya watu na mikono ile.

Hatusemi kwamba kuitengeneza picha ni dhambi. Picha zetu nyingi zimeingia ukungu, zimekwaruzwa, nyingine zimekunjwa mfukoni mwa koti kwa miaka. Kufuta ukungu na mikwaruzo ni kama kumfuta mtu vumbi usoni. Vumbi halikuwa lake. Jicho lilikuwa lake. Na yeyote anayetengeneza aitunze ile nakala ya kwanza kama ilivyotoka albamuni, asiiguse, ili atakayekuja baadaye aweze kuona mwenyewe ni kipi kilifutwa na ni kipi kilibuniwa.

Nasi makasisi tusiwalaumu sana vijana na programu zao. Mara ngapi tumesimama kaburini tukasoma wasifu wa marehemu uliofumbuliwa macho yote mawili? Mjane amekaa pale, watoto wamekaa pale, wanamtafuta baba yao katika maneno yetu na hawamwoni. Twamwita mpole ambaye alikuwa mkali, na ukali wake ndio uliowasomesha. Twaficha kwamba alianguka katika pombe miaka kumi akainuka, na kule kuinuka ndiko kulikokuwa kazi kubwa ya neema katika maisha yake. Wanarudi nyumbani wamemzika mtu mzuri asiye wa kwao.

Picha za rangi, za miaka iliyofuata, zilitupa taabu ya namna nyingine. Mliona ile ya kwaya: kanzu zinang'aa kama bati jipya, na nyuso zote zimezama gizani. Wengine walicheka, na mmoja akasema mpiga picha alikuwa mlevi. Si haki. Kwa miaka mingi filamu za rangi na mashine za kuzisafishia zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu; ngozi yake ikitoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa njema. Imeandikwa kwamba kampuni ya Kodak ilijitahidi kuitengeneza filamu yake ishike vema rangi za kahawia baada ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti kulalamika kwamba bidhaa zao hazitokei sawasawa. Mbao na chokoleti! Akina mama waliotaka kuona nyuso za watoto wao walikuwa wengi kuliko hao, na duniani pote.

Televisheni nayo ina kasoro yake, kwani hutoka dukani ikiwa imewekwa kwa kushindana na taa za duka: mwanga mkali, rangi za kupindukia, weupe ulioelekea buluu. Kijana aliihamisha katika mpangilio wa sinema, akapunguza ukali wa mistari, akainua kidogo sehemu za giza. Nyuso mbili tatu za wanakwaya zikajitokeza, na mke wa mmoja akapiga kigelegele. Nyingine hazikutoka kabisa. Filamu haikuzishika siku ile, na hakuna kioo kitakachozirudisha. Tulimkataza kijana asizibunie. Majina yao tunayo, nayo tuliyasoma kwa sauti.

Na hapo ndipo tulipojiona. Wengi wenu mnacho kile kijitabu cha historia ya mtaa tulichokitoa wakati wa sikukuu ya msimamizi wa kanisa letu. Kimepigwa chapa vizuri. Kina majina ya makasisi wote waliopata kutumika hapa, na miaka yao, na majina ya wazee wa kanisa, na ya waliotoa mabati na saruji. Hakuna jina la mtoto hata mmoja aliyebatizwa wala aliyepata Kipaimara, wala la mama aliyefagia kanisa, wala la mwalimu wa dini aliyetembea kwa miguu kwenda vijiji vya mbali kila Ijumaa. Daftari la ubatizo liko kabatini, hatua sita kutoka meza tuliyoandikia, na yote yamo, kwa wino. Tulikuwa na kurasa 24 tu, zikajaa. Ni kile kile tulichokifanya kwa rimoti, ila hapo hapakuwa na Bibi wa kuchukua mwavuli wake.

Halmashauri ya mtaa imekubali kijitabu kitengenezwe upya. Hatujui kitakuwa na kurasa ngapi, wala fedha zitatoka wapi, na mweka hazina ametuomba tuseme hivyo waziwazi.

Kwa sasa, tunaomba msaada. Wenye picha za zamani wazilete ofisini siku ya Jumamosi asubuhi, baada ya sala. Zitanakiliwa mbele yenu na mtarudi nazo nyumbani siku ile ile. Zile zilizogandishwa albamuni msizibandue; leteni albamu nzima. Msiandike nyuma kwa kalamu ya wino, andikeni kwa penseli laini. Na wale mnaopenda kuzipiga picha kwa simu mkatutumia kwa WhatsApp, jueni kwamba huko njiani hupunguzwa. Picha iliyoonekana safi katika simu ikifika katika kioo kikubwa huwa kama ukuta wa matofali. Tulipata moja ya harusi hata bwana arusi hakujulikana. Leteni picha yenyewe.

Ile picha ya Kipaimara itawekwa tena ukumbini kila Jumapili ya mwezi huu, nzima, pamoja na mapande yake meusi, na benchi moja litasogezwa karibu na kioo kwa ajili ya wazee. Mpaka leo tumepata majina ya watu 51. Kati ya watoto waliokaa chini wamebaki watano, na katika mstari wa nyuma watatu. Mmoja wao ameshika kofia kifuani kwa mikono miwili na amegeuza uso kidogo, kama aliyeitwa na mtu upande wa kisimani. Anayemjua atuambie.